Mtoto wa Chekechea Hapimwi kwa Nambari

Ipo desturi iliyokita mizizi katika kaunti zetu za Kisii na Nyamira. Muhula ukifika ukingoni, mtoto wa miaka minne hurejea nyumbani na karatasi mkononi, na kabla hajavua viatu huulizwa: "Umekuwa nambari ngapi?" Mimi nashikilia kwamba swali hilo halina maana kwa umri huo, na nawasihi wazazi wenzangu wanisikilize kabla ya kunikemea.

Mtihani wa nusu saa humpima mtoto jinsi alivyoamka siku hiyo. Huenda alikesha akikohoa. Huenda swali limeandikwa kwa Kiingereza, ilhali yeye huhesabu ndizi za mkungu kwa Ekegusii bila kukosea. Jalada la kazi zake halina papara hiyo. Humo mwalimu huhifadhi michoro, karatasi za herufi za kwanza, na maelezo yake mafupi, kila kitu na tarehe yake. Chukua mchoro wa mtu. Aghalabu mtoto wa miaka mitatu au minne huchora kichwa ambacho miguu yachipuka papo hapo, pasipo tumbo. Baada ya miezi kadhaa kiwiliwili hujitokeza, kisha mikono, kisha vidole, pengine saba kwa mkono mmoja! Itandaze michoro hiyo mezani, nawe utaona akili ikipanuka.

Naam, jalada nalo laweza kuharibiwa. Mchoro uliorembwa nyumbani na dada mkubwa hautuambii lolote. Mwalimu naye, akiwa na darasa lililofurika, ataandika lini? Heri aandike juu ya watoto watatu kwa siku, sentensi mbili kwa kila mmoja, kuliko kujaza fomu za darasa zima Ijumaa jioni kwa kukisia. Wala mzazi asitozwe fedha za faili za madoido. Katoni iliyokunjwa yatosha, mradi iwekwe mbali na paa linalovuja.

Linalonikera zaidi ni hatima ya jalada lenyewe. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya awali kwa serikali za kaunti, huku shule za msingi zikibaki chini ya serikali ya kitaifa. Hivyo mwalimu wa chekechea huajiriwa na kaunti, na yule wa Gredi ya Kwanza na Tume ya Huduma ya Walimu, hata kama madarasa yao yamo katika ua mmoja. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, wataka mtoto atathminiwe hatua kwa hatua. Lakini jalada likiachiwa mchwa, mwalimu mpya hana budi kuanza kwa kubahatisha. Maafisa wa elimu wa pande zote mbili, mjini Kisii na Nyamira, na wakubaliane jambo moja: kabla ya shule kufungwa mwishoni mwa mwaka, walimu hao wawili waketi pamoja, jalada baada ya jalada, na makabidhiano yatiwe sahihi.