Nauli Kwanza, Kiingilio Baadaye: Makumbusho ya Bure kwa Msafiri wa Turiani

Mkazi wa Turiani anayetaka kwenda peke yake Dar es Salaam kutembelea Makumbusho ya Taifa hutokwa na fedha nyingi kabla hajaufikia mlango wake. Kwanza ni nauli ya kwenda Morogoro mjini, mwendo unaozidi kidogo kilomita 100. Kisha ni nauli ya kuingia jijini, kwa basi la kutoka stendi ya Msamvu au kwa treni ya SGR, ambayo ilipoanza kubeba abiria Juni 2024 ilitoza shilingi 13,000 kwa daraja la kawaida kati ya Morogoro na Dar es Salaam. Jumlisha chakula, daladala, pengine na kitanda cha gesti, halafu kumbuka kwamba siku hiyo shamba au duka limekaa bila mwenyewe. Ukimaliza hesabu, kiingilio anachotozwa raia pale mlangoni ni sehemu ndogo tu ya gharama yote.

Sisi tunaofanya kazi za makumbusho huulizwa mara kwa mara kwa nini milango isifunguliwe bure kwa kila mtu. Ni swali la haki na lina historia ndefu. Lakini kwa anayeishi chini ya milima ya Nguru, kinachomweka mbali na makumbusho ni umbali. Kwa hiyo nitaeleza mambo mawili: uingiaji wa bure unafanyaje kazi, na msafiri wa Turiani anawezaje kuifanya nauli yake imlipe tangu gari linapoondoka kijijini.

Bure ya nani?

Makumbusho ya Uingereza jijini London, British Museum, yaliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753 na kufunguliwa mwaka 1759. Hayakutoza kiingilio. Hata hivyo mgeni alitakiwa kuomba tiketi kwa maandishi na kusubiri ajibiwe, kwa hiyo fundi au kibarua asiyejua kuandika alibaki nje ya mlango usio na bei. Karne mbili baadaye baadhi ya makumbusho ya taifa ya nchi hiyo yalianza kutoza, kisha tarehe 1 Desemba 2001 kiingilio kikaondolewa. Ziara ziliongezeka sana. Waliochunguza ongezeko hilo walibaini kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na watu wale wale waliozoea kwenda, ambao sasa walikwenda mara nyingi zaidi.

Marekani, taasisi ya Smithsonian ilianzishwa mwaka 1846 kwa urithi wa James Smithson, mwanasayansi Mwingereza ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Makumbusho yake jijini Washington hayatozi kiingilio mpaka leo, kwa sababu serikali yao hubeba sehemu kubwa ya gharama.

Gharama yenyewe haiondoki kwa sababu mlango umefunguliwa. Jiji la pwani kama Dar es Salaam lina joto na unyevu mwaka mzima. Ukungu hushika ngozi, mchwa hula miti, nondo hutoboa nguo, chumvi ya hewani hula chuma. Kila kitu ndani ya kabati la kioo kinahitaji mtaalamu, dawa, umeme na mlinzi. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimechagua njia ya kati: raia analipa kidogo, mwanafunzi na mtoto hupunguziwa zaidi, na mgeni wa nje analipa zaidi. Naiona njia hiyo kuwa ya haki, ilimradi tusisahau yule ambaye hata gari la kumfikisha mlangoni ni mzigo kwake.

Makumbusho yasiyo na lango

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Msafiri wa Turiani ana mengi ya kuokota kabla hata ya kuiona bahari.

Aanze na Mhonda, jirani kabisa na nyumbani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1877, wakitokea Bagamoyo, ambako walikuwa wamefika mwaka 1868 na kuanza kuwakomboa watumwa. Baadhi ya waliokombolewa wakiwa watoto walikulia misheni, wakaoana, kisha wakapelekwa Mhonda kuanzisha kijiji cha Kikristo. Yeyote atakayefika baadaye kwenye makumbusho ya misheni ya Bagamoyo, mahali ulipolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874 kabla ya kusafirishwa kwenda Uingereza, atakuwa anasoma sura ya kwanza ya hadithi ambayo sura yake ya pili iko kwao.

Barabara ya Turiani huungana na barabara kuu ya Dodoma eneo la Magole, na kutoka hapo gari huelekea Dakawa na kuvuka Mto Wami. Agosti 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita katika milima ya Nguru na Turiani yakiwafukuza Wajerumani. Tarehe 17 mwezi huo pande mbili zilipigana Dakawa kugombea kivuko cha Wami, na tarehe 26 Morogoro ikatekwa. Maelfu ya Waafrika walibeba risasi na chakula cha vita hivyo mgongoni, na wengi waliangamia kwa njaa na maradhi.

Eneo hilo hilo la Wami Dakawa ndipo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipofariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mwaka huo huo chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilipewa jina lake. Dakawa pia palikuwa na makazi ya wakimbizi wa Afrika Kusini waliokuwa chini ya chama cha ANC, na majengo waliyoyaacha yamekuwa shule na vyuo.

Hadithi hiyo inakamilika Morogoro mjini, Mazimbu. Baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi Juni 1976, vijana wengi walikimbia nchi yao. Tanzania ilitoa shamba la zamani la mkonge, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 shule ilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Makaburi ya wapigania uhuru yapo pale pale. Fika getini, jitambulishe, eleza unachotaka kuona na uombe ruhusa. Ukisoma majina na tarehe za makaburi hayo utauelewa ubaguzi wa rangi kwa namna ambayo kitabu cha shule hakikukupa.

Jijini kwa miguu

Ukishuka Dar es Salaam asubuhi, katikati ya jiji panatembeleka bila kulipa chochote. Anza na Sanamu ya Askari kwenye Barabara ya Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa vita vile vilivyopita Turiani. Kabla ya hapo Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza wakaing'oa. Maandishi ya chini ya sanamu yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Wapita njia wengi huiona kama alama ya kuelekezana njia. Wewe uliyevuka Wami siku hiyo unajua inawasemea akina nani.

Shuka kuelekea baharini uone Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe katika miaka ya 1860, Sultani Majid wa Zanzibar alipokuwa akiuanzisha mji. Karibu yapo makanisa mawili ya zama za Wajerumani, Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki na Azania Front la Walutheri. Nyakati zisizo za ibada unaweza kuingia kwa heshima na kukaa kimya.

Sasa nenda Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea, ulipe kiingilio cha Makumbusho ya Taifa. Yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Hazina yake kuu ni fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey kwenye bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Ukibakiwa na nusu siku, panda daladala ya Makumbusho, kituo kilichopewa jina la Kijiji cha Makumbusho kilichopo hapo tangu miaka ya 1960. Watu wengi sana hushuka kituoni hapo kila siku bila kuingia kuona nyumba za asili za makabila mbalimbali zilizojengwa ndani.

Faida ya kuwa peke yako

Kundi huvutana. Mmoja ana njaa, mwingine anataka picha, na wote hujikuta nje baada ya robo saa. Aliye peke yake anaweza kusimama mbele ya kitu kimoja mpaka kianze kumweleza jambo. Usijaribu kuona kila kitu. Chagua vitu vichache, na kila kimoja ukiulize maswali manne: kimetengenezwa kwa kitu gani, kilitengenezwa na nani, kilikuwa na kazi gani, na kimefikaje hapa.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote. Chukua mfano wa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili na kichwa kilichosukwa, ambacho mwali wa Kizaramo, Kikwere au Kiluguru alipewa awapo ndani. Leo vinyago hivyo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na mara nyingi kibao cha maelezo hutaja aliyekinunua bila kumtaja bibi aliyekilea. Mtu wa Morogoro anaposimama mbele ya kitu kama hicho anaweza kuwa na maarifa ambayo mtaalamu hana. Ayaseme. Waongoza wageni na wahifadhi wazuri hushukuru kusahihishwa.

Usalama nao una kanuni zake. Mwachie mtu wa nyumbani ratiba yako na jina la gesti. Panda gari la alfajiri ili uingie jijini mchana, hasa kama wewe ni mwanamke na mji ni mgeni kwako. Beba kitambulisho, kwa kuwa bei ya raia huenda na uthibitisho wa uraia. Weka salio kwenye simu, maana malipo ya Serikali siku hizi hufanywa kwa namba ya kumbukumbu. Makumbusho ya Taifa yako karibu na Ikulu na ofisi za Serikali, kwa hiyo uliza kabla ya kupiga picha mitaani.

Ninachoomba

Mei 18 kila mwaka ni Siku ya Makumbusho Duniani, iliyoanzishwa na baraza la kimataifa la makumbusho, ICOM, mwaka 1977. Sherehe zake hufanyika pale ambapo makumbusho tayari yapo. Naomba siku hiyo ifike Turiani. Gari moja lenye nakala ya fuvu la Zinjanthropus, picha za vita vya 1916 na mtaalamu wa kujibu maswali lingewafikia wanafunzi ambao wazazi wao hawawezi kuwalipia nauli ya jijini. Naomba pia shule za Mvomero, wilaya ilimo Turiani, zisisubiri gari hilo. Wazee waliolima na kukata miwa Mtibwa, familia zenye asili ya kijiji cha misheni cha Mhonda na mabibi waliowacheza wali bado wapo. Mwanafunzi akiwa na daftari, akaandika kitu ni cha nani, kilitumikaje na nani alisimulia, amefanya kazi ile ile ya mhifadhi wa makumbusho, na hakuna aliyelipa nauli.