Jina la Boksi na Namba ya Chipu: Uteuzi wa Kadi za Waifai kwa Mifumo Endeshi Huria baina ya Nakivale na Mbarara

Kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika ikiwekewa mfumo endeshi huria, kama vile Debian au Ubuntu, hupata maisha mapya bila ada ya leseni. Kwa mkazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, hutokea kwamba mfumo unawaka, kibodi inaitika, ila waifai haionekani. Kiendeshi kinachohitajika kimo intanetini, na intaneti haifikiki bila kiendeshi hicho. Anayetaka kadi nyingine hupanda gari hadi Mbarara. Akirudi na isiyofaa, amepoteza bei ya kadi na nauli pia. Makala hii inafafanua namna ya kuitambua kadi inayofaa kabla ya kulipa, na inadai kwamba tatizo hili ni la kiisimu sawa na lilivyo la kiufundi: jina linalouzwa si jina la kitu kinachohitajika.

Mfano ulio wazi ni kadi ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux huiendesha kwa ath9k_htc, kiendeshi kilichomo tayari ndani ya kiini cha mfumo. Hata programu dhibiti yake, yaani programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, msimbo wake ulifunguliwa mwaka 2013. Toleo la pili na la tatu lina chipu nyingine kabisa, Realtek RTL8188EUS, inayotaka kiendeshi tofauti na iliyowasumbua watumiaji wengi wa Linux. Jina la boksi halikubadilika. Tofauti imo katika maandishi madogo ya kibandiko: V1, V2 au V3. Kisemantiki, hapa pana kiashirio kimoja chenye virejelewa viwili. Muuzaji anayesema “ni ile ile” hadanganyi. Yeye anataja boksi, ilhali mnunuzi anauliza chipu.

Kitambulisho chenye utata mdogo zaidi ni namba. Kila kifaa cha USB hubeba jozi ya namba za tarakimu nne nne: ya kwanza ya mtengenezaji, ya pili ya bidhaa. Amri ya lsusb huzionyesha; kwa kadi iliyofungwa ndani ya kompyuta hutumika lspci -nn. AR9271 hujitambulisha kwa 0cf3:9271, na Ralink RT5370, ambayo nayo ina kiendeshi ndani ya kiini, kwa 148f:5370. Namba inayoanza na 8086 ni ya Intel, na ile ya 14e4 ni ya Broadcom. Baadhi ya chipu za Broadcom zina kiendeshi huria, lakini programu dhibiti yake hulazimika kuchopolewa kutoka katika kiendeshi cha mtengenezaji.

Basi kuna tabaka tatu: kadi, kiendeshi na programu dhibiti. Lugha isipozitenganisha, utambuzi wa kosa nao huvurugika. Kabla ya Debian 12, iliyotoka Juni 2023, diski rasmi za usakinishaji za Debian hazikubeba programu dhibiti zilizofungwa. Kadi ya Intel iliyo nzima ingeweza kushindwa katika Debian 11 na kufanya kazi katika Debian 12, na fundi akaiita mbovu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, uliipa Kiswahili msamiati wa kazi za ofisini. Tabaka hili la chini halijapata mazoea hayo. Mkongomani aliyesomea Kifaransa anaweza kusema “piloti”, aliyesomea Uganda akasema “draiva”, na “dereva” kwa wote ni mtu aendeshaye gari. “Kiendeshi” ndilo neno linalofaa, lakini mwongozo unaoandikwa kwa ajili ya Nakivale hauna budi kuliweka sambamba na hayo mawili. Kulisimamisha peke yake ni kumwandikia mhariri badala ya mnunuzi.

Duara la kiendeshi na intaneti lina mlango ambao wengi hawaujui. Simu ya Androidi ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, kisha ikaruhusiwa kushiriki intaneti kwa njia hiyo, Linux huiona kama mtandao wa waya, bila kuhitaji kadi ya waifai. Kifurushi cha data kikitosha kupakua programu dhibiti iliyokosekana, huenda safari ya Mbarara isihitajike kabisa.

Ikihitajika, mnunuzi aende na kompyuta yake pamoja na flashi yenye mfumo unaowaka bila kusakinishwa, wa toleo lile lile atakalolitumia nyumbani. Dukani achomeke kadi, aandike lsusb, kisha atazame kama orodha ya mitandao ya jirani inajitokeza. Asiporuhusiwa kujaribu, aombe kusoma kibandiko. Katika maduka ambako mazungumzo ni ya Runyankore au Kiingereza, ni heri awe na karatasi iliyoandikwa waziwazi “AR9271” na “RT5370”, na chini yake “TL-WN722N: V1 tu”, aiweke kaunta kabla boksi halijafunguliwa.