Ujenzi wa Programu kwa Vijenzi (2): Kazi Moja, Mlango Mmoja

Kijenzi cha programu ni kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja inayoeleweka, na kinachoweza kutiwa katika mfumo wowote bila anayekitumia kulazimika kujua undani wake. Akijua kiolesura inatosha: kijenzi kinapokea nini, kinarudisha nini, na kinatoa taarifa gani mambo yakienda kombo. Mnunuzi wa bolti pale Gerezani, Dar es Salaam, haulizi ilichongwa wapi. Akitaja kipimo, anapewa, na inaingia. Wazo la kutengeneza programu kwa namna hiyo lilitolewa na Doug McIlroy mwaka 1968, katika mkutano ulioitishwa na NATO mjini Garmisch, Ujerumani. Mwaka 1972 David Parnas aliongeza sharti ambalo hadi leo ndilo gumu kulitimiza: kila kipande kifiche ndani yake uamuzi unaoweza kubadilika, ili siku ukibadilika vipande vingine visiguswe.

Katika programu za tovuti, vijenzi vinavyoonekana kwanza ni vya kwenye skrini. Duka la vitenge la Kariakoo linalotaka kuuza kwa mtandao linahitaji orodha ya bidhaa, kikapu cha manunuzi, fomu ya mteja na sehemu ya kulipia. Tangu React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, ilipotolewa kama programu huria mwaka 2013, imekuwa kawaida kila kimoja kati ya hivyo kuandikwa peke yake, kisha kutumika katika kurasa nyingi. Vingi hupatikana bure, ila si vyote vinavyofaa Kariakoo kama vilivyo. Kisanduku cha namba ya simu lazima kikubali namba ya tarakimu 10 inayoanza na 06 au 07, na kuihifadhi kwa 255. Saa ndiyo yenye hatari zaidi. Mteja akiandika kwamba mzigo wake uletwe saa 4 asubuhi, ana maana ya saa ambayo kompyuta huiandika 10:00. Kijenzi kilichoandikwa kwa mazoea ya ugenini kitaupanga mzigo huo kupelekwa alfajiri. Kijenzi cha saa ndicho kinachostahili kuandikwa Dar es Salaam, mara moja na kwa uangalifu, kisha kitumiwe na kila duka.

Mfano mkubwa zaidi wa kutumia tena kazi iliyokwisha kufanywa haumo kwenye skrini, umo nyuma yake. Mfanyabiashara wa Kariakoo hulipa kodi TRA, leseni ya biashara halmashauri, ada BRELA na ankara ya maji DAWASA. Mifumo ya taasisi hizo ni tofauti kabisa, lakini yote humpa kitu cha aina moja: namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroo namba. Inatolewa na GePG, mfumo wa kielektroniki wa ukusanyaji wa fedha za umma ulioanza kazi mwaka 2017 chini ya wizara yenye dhamana ya fedha.

Utendaji wake ni huu. Mfumo wa taasisi hutuma ankara kwa GePG katika muundo wa XML, ikiwa imetiwa saini ya kidijitali. GePG hurudisha namba. Mlipaji anapoiandika kwenye simu au kuipeleka kwa wakala, benki au kampuni ya simu huiuliza GePG kama namba hiyo ipo na kiasi gani kinadaiwa. Malipo yakipita, GePG huijulisha taasisi iliyotoa ankara, kisha hesabu za pande zote hulinganishwa. Faida yake inaonekana kwa hesabu nyepesi: taasisi 20 zikitaka kuunganishwa moja kwa moja na watoa huduma za malipo 10, viunganishi 200 vinahitajika, vikipita mlango mmoja, vinatosha 30.

Kufanikiwa kwa kijenzi hicho kunatokana hasa na wembamba wa kazi yake. GePG haijui masharti ya leseni wala viwango vya kodi. Hayo yamebaki kwa wenyewe. Ingejaribu kuyabeba, kila badiliko la sheria ndogo ya halmashauri moja lingelazimu mfumo wa nchi nzima ufunguliwe.

Njia nyingine ya kutumia tena ni kuchukua mfumo mzima uliokwisha kujengwa na kuujazia kinachokosekana. DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilienea nchini Tanzania mwaka 2013. Kiini chake hakiguswi. Mahitaji mapya huandikwa kama programu ndogo zinazozungumza nacho kupitia kiolesura cha tovuti. HISP Tanzania, taasisi ya mifumo ya taarifa za afya iliyokua kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliandika mojawapo, ya kuonyesha viashiria vya afya kwa rangi, na sasa nchi nyingine zinaweza kuipakua. Kazi za namna hiyo bado ni chache mno. Msimbo mwingi mzuri unaoandikwa jijini hufungiwa katika ofisi iliyouagiza, na ofisi ya jirani hulipa upya kuandikiwa ule ule.

Utegemezi nao una gharama. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kifurushi chake cha mistari 11, left-pad, na ujenzi wa programu nyingi duniani ukakwama kwa saa kadhaa. Desemba 2021 Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, iligundulika kuwa na ufa uliomruhusu mvamizi kuendesha amri zake kwa mbali. Wengi hawakujua hata kama wanayo, kwa kuwa iliingia ikiwa ndani ya vijenzi vingine. Kwa hiyo matoleo ya vijenzi vyote hufungwa katika faili moja, orodha yake hutunzwa, na nakala huhifadhiwa karibu. Mwenye kijenzi naye ana wajibu wake: akibadilisha kiolesura, huacha toleo la zamani liendelee kufanya kazi sambamba na jipya, na kutangaza mapema tarehe ya kulizima, mpaka mtumiaji wa mwisho awe amehama.