Hamira na Taa Kumi na Moja

Hamira tuitiayo katika unga wa maandazi si vumbi tupu. Kila punje yake imejaa chembe hai, na kila chembe hujigawa ikazaa nyingine kwa utaratibu maalumu. Wenye elimu wameuliza: ndani ya chembe ndogo kama hiyo, ni kipi kiamrishacho, na kipi kizuiacho?

Swali hili si la mchezo. Mwili wa mwanadamu nao umejengwa kwa chembe, na saratani ni chembe zilizoacha kutii amri ya kukoma kujigawa. Leland Hartwell wa Marekani, aliyeichunguza hamira, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Waingereza Paul Nurse na Tim Hunt, kwa kuifunua taratibu hiyo ya kujigawa.

Lakini taabu iko hapa. Hamira ina jeni karibu 6,000, na mwanadamu ana karibu 20,000 za kuundia protini. Nyingi katika hizo husukumana na kuzuiana, ukawa mtandao uliofungamana kama wavu wa mvuvi. Kupima kiasi na kasi ya kila kimoja ni kazi isiyomalizika.

Ndipo wakatokea waliosema: tusianze kwa kuuliza "kiasi gani?", tuulize kwanza "ipo au haipo?" Stuart Kauffman wa Marekani mwaka 1969, na René Thomas wa Ubelgiji mwaka 1973, walikifanya kila kiungo cha mtandao kuwa mfano wa taa: ama imewaka, ama imezimika.

Mwaka 2004 Fangting Li, Chao Tang na wenzao waliijaribu njia hii kwa hamira. Walichagua viungo 11 vilivyo vikubwa katika kujigawa kwake. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: wasukumao wakiwazidi wazuiao, taa huwaka; wazuiao wakizidi, huzimika; wakiwa sawa, hubaki ilivyo, isipokuwa baadhi ambazo hujizima zenyewe.

Na tuhesabu pamoja. Taa moja ina hali 2, taa mbili zina hali 4, taa tatu 8. Taa 11 zina hali 2,048. Waliifuata kila hali mpaka ilipotulia, wakakuta vituo 7 tu. Na katika hali hizo 2,048, hali 1,764 ziliishia kituo kimoja: pale chembe inapopumzika na kungoja ikue kabla ya kujigawa tena. Tena walipoiwasha taa ya kuanzia, nyingine zilifuatana kwa mpango ule ule ujulikanao katika hamira yenyewe. Basi hata taa zikivurugwa, aghalabu mtandao hurejea mahali pake.

Hata hivyo, njia hii ina mipaka. Taa 100 zina hali nyingi mno, idadi yake huandikwa kwa tarakimu 31, na hapana kompyuta iwezayo kuzipitia moja moja. Ndiyo sababu wataalamu huvitafuta vituo vyenyewe, au huugawa mtandao mafungu mafungu. Tena mwilini mna kidogo na kingi, wala si kuwaka na kuzimika tu. Mfano wa taa waweza kuonyesha njia iliyokatika, lakini hauwezi kumwambia tabibu kipimo cha dawa.

Wako vijana wadhanio kuwa jambo likiisha kuandikwa kwa hesabu, halina tena ajabu ya Muumba. Sisi twaona kinyume chake. Ramani ya mji haiujengi mji. Humwonyesha mtazamaji jinsi ulivyopangwa. Kurani imetuamrisha mara nyingi kutazama na kutafakari, na mwenye kuhesabu kwa uaminifu, akataja alichokipata na alichokiacha, ameitii amri hiyo. Basi, enyi wazazi, msiwakataze watoto wenu elimu hizi. Wafundisheni kuzisoma kwa adabu.