Simba Barabarani, Honi Mkononi

Msafiri wa Mombasa aingiapo Nairobi, kuliani huwa na mitaa ya Embakasi, kushotoni Mbuga ya Wanyama. Tarehe 18 Machi 2016 simba alitokeza barabarani hapo. Wenye magari wakampigia honi. Akahamaki, akamjeruhi mzee mmoja. Maofisa wa wanyamapori wakamrudisha mbugani, hai. Siku 12 baadaye simba mwingine, Mohawk, alimjeruhi mtu huko Isinya. Huyo akauawa kwa risasi.

Basi, ndugu msomaji, mtaalamu wa wanyama ana kazi mbili: kumtuliza simba na kuwatuliza watu. Hiyo ya pili ndiyo nzito. Ukimwona simba, funga kioo, nyamaza, uwape maofisa habari. Honi yako yaweza kumgharimu mwenzio roho.