Soketi na Mawimbi ya Redio

Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianza kuunganisha watumiaji wa visiwa mbalimbali na kompyuta kuu kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1978 warushaji redio wa ridhaa wa Montreal, Kanada, yaani watu wenye leseni ya kurusha mawimbi pasipo biashara, nao walianza kutuma pakiti. Itifaki ya warushaji redio wa ridhaa, AX.25, ilichapishwa katika toleo la pili mwaka 1984. Kwa itifaki hiyo, ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti. Kila pakiti hubeba jina la kituo kinachopelekewa, jina la kituo kinachotuma, ujumbe wenyewe, na tarakimu za kukagua makosa.

Programu ya kompyuta huzifikia pakiti hizo kwa kupitia soketi. Soketi ni mfano wa mlango: programu huufungua, hutaja kituo inachokitaka, hutuma, hupokea, kisha huufunga. Utaratibu huu ulienezwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuanzia mwaka 1983; baadaye mfumo wa Linux uliongezewa soketi za AX.25. Amri za programu karibu ni zile zile, iwe nyuma ya mlango kuna waya au kuna antena.

Hapo ndipo mtunzi wa programu anapoweza kukosea. Pakiti yenye baiti 256 za ujumbe ina biti 2,048. Waya wenye kasi ya biti 10,000,000 kwa sekunde huipeleka kwa muda wa sekunde 0.0002 tu. Redio yenye kasi ya biti 1,200 huhitaji sekunde 1.7. Ikiwa programu imeagizwa kurudia pakiti kila isipopata jibu kwa sekunde moja, itarudia kabla pakiti ya kwanza haijamaliza kutoka. Nakala hujaza masafa na kugongana na majibu. Majibu yakipotea, nakala huongezeka. Hatimaye vituo vyote vya masafa hayo hushindwa kuwasiliana.

Kusikiliza kabla ya kurusha husaidia, lakini hakutoshi. Vituo viwili vilivyotengwa na mlima havisikiani, ingawa kituo cha kileleni huvisikia vyote. Kwa hiyo muda wa kungoja hauna budi kupimwa kwa safari halisi ya pakiti na jibu lake, na kurefushwa kila jaribio linaposhindwa.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Wanafunzi wawili wasimame pande mbili za ukuta, na wa tatu mlangoni. Wawili hao wamsomee sentensi kwa sauti ndogo, na kila mmoja arudie asipojibiwa: kwanza baada ya sekunde moja, kisha kwa kungoja muda mrefu usiolingana na wa mwenzake. Darasa lihesabu sentensi zilizofika salama katika kila jaribio.