Maua ya Vilima vya Shaba

Huko Fungurume, kati ya Likasi na Kolwezi, vimo vilima visivyo na miti katikati ya msitu wa miombo. Shaba iliyomo udongoni huizuia miti, na mimea michache iliyoizoea sumu hiyo hustawi bila mshindani. Mashuhuri ni Haumaniastrum katangense, aitwaye ua la shaba. Ni wa jamii ya mrehani: shina lina pembe nne, majani huota mawili mawili yakielekeana, maua ya rangi ya samawati iliyokolea zambarau hukusanyika nchani.

Hata hivyo, mtazamaji asifanye haraka. Mmea huo hupenda pia udongo uliovurugwa na kutiwa shaba na mikono ya watu. Wanaakiolojia wameufuata hadi penye tanuri za wayeyushaji wa kale. Kuuona, basi, si hakika ya kuwa mwamba wa shaba upo chini. Shahidi mwaminifu zaidi ni Crotalaria cobalticola, wa jamii ya kunde, mwenye maua ya manjano, aotaye penye kobalti nyingi.

Kwa bahati mbaya, ushahidi huo humponza shahidi. Mgodi ukifunguliwa, kilima huondolewa pamoja na maua yake. Na mbegu zisizookotwa mapema hazina kwao kwingine.